Vijana warushaji wa Pirates, na ile saa ya 2029

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeishi Pittsburgh, mtu wa Tanga, ameandika hivi kwa kifupi: "Kijana wangu ana miaka 13, amenitia ugonjwa wa besiboli, kila siku Pirates Pirates, timu ya hapa Pittsburgh. Yeye mwenyewe anarusha kwenye timu ya mtaa. Ananiambia mama subiri, tuna Skenes, tuna Chandler, tuna Jones, warushaji wote vijana, miaka miwili mitatu tunachukua kombe. Mimi naangalia wanafungwa tu. Nimwamini mtoto au nimwandae kisaikolojia?"

Dada, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi basi marahaba. Mimi nafundisha vijana kurusha huku Marekani mwaka wa kumi na moja huu, na swali lako wananiuliza wazazi wengi ila wewe ndo wa kwanza kuliuliza kwa Kiswahili, kwa hiyo nitajimwaga kidogo, vumilia.

Jibu la haraka: mwamini mtoto nusu. Wanachoweza hao vijana ni cha kweli kabisa, hakuna mtu amemdanganya mwanao. Anapokosea ni hapo kwenye "subiri". Pittsburgh walishawahi kusubiri hivi hivi, wakapata warushaji kweli, halafu hao warushaji wakaenda kung'aa kwa jirani.

Twende na Skenes kwanza maana bila yeye hata hili swali lisingekuwepo. Paul Skenes walimchagua wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2023, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, akitokea chuo cha LSU, kabla ya hapo alikuwa chuo cha jeshi la anga huko Colorado, na alikuwa anadaka pia, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, siyo kurusha tu. Walimpa dola milioni 9.2 za kusaini, wakati ule hakuna mtu wa drafti aliyewahi kupewa hela hiyo. Akaingia ligi kuu tarehe 11 Mei 2024, mwaka huo huo akawa chipukizi bora wa National League, nusu moja ya ligi kuu, na akaanza mechi ya All-Star, ile ya nyota wa ligi, halafu 2025 akachukua Cy Young, ile tuzo ya mrushaji bora, na wapiga kura wote walimweka namba moja, hakuna aliyepinga. Hapo ana miaka 23!

Sasa angalia hii. Mwaka huo 2025 ERA yake ilikuwa 1.97, yaani kila akirusha iningi tisa, zamu tisa za kupiga ambazo ndo mechi nzima, timu pinzani inapata hata pointi mbili hazifiki. Rekodi yake ya kushinda na kushindwa? 10 kwa 10. Mrushaji bora wa ligi yake, ameshindwa mara kumi. Mwambie mwanao akuelezee hiyo, kama mjanja atakwambia "mama, hatupigi". Na ni kweli, Pirates 2025 walifunga pointi 583 msimu mzima na homurani 117, ile mipira inayopigwa ikavuka uzio, zote mbili ni za mwisho kwenye timu 30. Wakamaliza na ushindi 71, vipigo 91, kocha mkuu walimfukuza mapema tu mwezi wa tano.

Kuna mechi moja naipenda kuitolea mfano, Milwaukee, tarehe 11 Julai 2024. Skenes karusha iningi saba hakuna aliyempiga hata mpira mmoja ukatua salama, katoa watu 11 kwa straiki, yaani mpigaji akikosa mipira mizuri mitatu anatoka, amefikisha mipira 99 wakamtoa kumlinda. Pirates walishinda, ndiyo. Moja bila. Mtu anakufanyia maajabu ya namna ile na wewe unamchangia pointi moja, ni kama fundi amekujengea nyumba ya ghorofa wewe unamletea maji ya kunywa kikombe kimoja.

Kama hujawahi kukaa na mwanao akuonyeshe ule mpira wake wanaouita splinka, kaa leo. Toka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni kama mita 18 na kidogo, fastiboli yake, yaani mpira wake wa kasi, inakuja maili 98 kwa saa, karibu kilomita 158, mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua na kuzungusha gongo. Sasa splinka inatoka mkononi vile vile, mkono vile vile, inakuja na kasi ya maili 94 hivi, mpigaji anaona fastiboli, ameshaamua, gongo limeshaondoka, halafu pale mwisho mwisho mpira unazama kama umekatwa kamba. Angalia magoti ya mpigaji, usiangalie gongo. Magoti yanalegea kwanza.

Haya, wenzake. Jared Jones alianza mwisho wa mwezi wa tatu 2024 kule Miami, mechi yake ya kwanza tu ligi kuu akatoa watu 10 kwa straiki. Wote tulisema aisee, hawa wawili pamoja itakuwaje! Mwezi wa tano 2025 akapasuliwa kiwiko, wakasema miezi 10 mpaka 12 nje. Bubba Chandler alikuwa ahadi kubwa ya kucheza futiboli ya Marekani chuo cha Clemson, akaiacha akasaini Pirates 2021, na fastiboli yake inacheza kwenye maili 98, 99, mia. Agosti 2025 wakampandisha akaingia akarusha iningi nne safi bila pointi. Braxton Ashcraft naye alipanda 2025, huyu walimchukua tangu 2018, saba miaka! Katikati hapo alipasuliwa kiwiko pia. Halafu kwenye drafti ya 2025 wakachukua tena mrushaji wa sekondari kutoka California, Seth Hernandez, namba sita. Kwa hiyo mikono ipo, tena mingi, mwanao hajakosea kuhesabu.

Ila unaona nilivyotaja kiwiko mara mbili ndani ya aya moja?

Kwenye hii kazi kuna msemo wa siku nyingi kwamba hakuna kitu kinachoitwa chipukizi wa kurusha. Maana yake kijana anayerusha vizuri hivi leo ama atakuwa mrushaji kamili ama ataumia, huwezi kumweka kibindoni ukasema huyu wa 2028. Mpigaji chipukizi akishindwa kupiga unaona taratibu, mwaka wa kwanza, wa pili. Mrushaji anaweza kuwa mzima Jumatano, Ijumaa anashika kiwiko anamwita daktari wa timu.

Sababu ni hii. Ndani ya kiwiko, upande ule unaogusa mbavu ukisimama wima, kuna kano ndogo sana. Mtu akirusha, kiuno kinazunguka kwanza, bega linafuata, mkono unabaki nyuma kama ncha ya mjeledi, na ile sekunde mkono unapovutwa kuja mbele kano hiyo ndo inayozuia kiwiko kisifunguke. Kila mpira. Mara 90 kwa mechi. Na siku hizi wote wanarusha kwa nguvu, wastani wa fastiboli ligi kuu 2008 ulikuwa maili 91.3, 2024 umefika 94.2. Kano haijakua lakini. Upasuaji wake unaitwa Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, Dodgers, 1974, Dr. Frank Jobe akatoa kano sehemu nyingine ya mwili akaifunga pale. Kupona ni mwaka mmoja na zaidi. Zamani ilikuwa habari ya gazetini, sasa hivi mzazi anakwambia "kijana wangu alifanya Tommy John sekondari" kama anasema alitoa jino.

Kwa hiyo mimi nikiona timu ina warushaji watano wazuri vijana, kichwani nahesabu wawili. Mmoja ataumia, mmoja ataishia kuingia iningi ya saba huko na siyo kuanza mechi, mmoja atauzwa. Wawili ni timu nzuri, usidharau. Ukipata watatu chinja ng'ombe.

Sasa nirudi kwenye hilo la kuuzwa, maana Pittsburgh ndo limewauma kuliko viwiko, na mwanao hakuwepo au alikuwa mdogo mno.

Pirates walikaa misimu 20 mfululizo wanapoteza zaidi ya wanavyoshinda, 1993 mpaka 2012. Ishirini! Mtu kazaliwa, kasoma, kaoa, hajawahi kuona msimu mzuri. Katikati ya njaa hiyo wakaanza kukusanya warushaji kwenye drafti. 2010 wakamchukua Jameson Taillon namba mbili. 2011 Gerrit Cole namba moja, na mwaka huo huo raundi ya tano wakaokota kijana mrefu kama mnazi anaitwa Tyler Glasnow. Watu wakasema yale yale anayosema mwanao, subirini. Na kweli 2013 Cole alipanda, timu ikaingia mtoano 2013, 2014, 2015, mwaka wa tatu huo wakashinda mechi 98. Kombe hawakugusa, 2015 walitolewa na Cubs mechi moja tu, nne bila, nyumbani kwao.

Halafu angalia kilichofuata. Cole alipelekwa Houston Januari 2018, akageuka kuwa mnyama, 2019 katoa watu 326 kwa straiki, Yankees wakampa mkataba wa miaka tisa dola milioni 324. Waliokuja kwa kubadilishana na yeye mmoja wao ni Joe Musgrove, mrushaji mzuri tu, naye wakamuuza San Diego Januari 2021 na mwezi wa nne mwaka huo huo akarusha mechi nzima bila kupigwa hata mpira mmoja, ya kwanza kwenye historia ya Padres. Taillon amepasuliwa kiwiko mara mbili na katikati hapo akapata kansa 2017 akapona akarudi uwanjani, moyo wa simba yule kijana, naye akapelekwa Yankees 2021. Na Glasnow, hii ndo inayowatoa machozi wazee wa pale, Julai 31, 2018 walimtoa Glasnow, wakamtoa mpigaji Austin Meadows, wakaongeza na chipukizi mrushaji Shane Baz, watatu, kwenda Tampa, wakapewa mrushaji Chris Archer mmoja. Archer 2019 ERA yake 5.19, mwaka uliofuata hakurusha kabisa. Glasnow leo ana kombe la 2025 na Dodgers. Ukitaka kuanzisha ugomvi baa yoyote ya Pittsburgh taja "Archer" halafu kaa kimya.

Na siyo ya zamani tu. Quinn Priester walimchukua raundi ya kwanza 2019, wakamuuza Boston katikati ya 2024, akaishia Milwaukee, na 2025 ana ushindi 13 vipigo 3. Mnaona? Jicho la kuwachagua wanalo. Kinachowashinda ni kumkuza mpaka mwisho na kukaa naye, na kumzungushia watu wa kupiga.

Sasa hapo ndo linakuja suala la saa. Kwa kanuni za ligi mchezaji anakuwa wa timu yake miaka sita ya utumishi halafu yuko huru kwenda popote. Skenes kwa kuwa alikuwa chipukizi bora, kanuni ikampa mwaka mzima wa 2024 ingawa alianza Mei, maana yake baada ya msimu wa 2029 yuko huru. Na kuanzia huko katikati mshahara unaanza kupanda, na Pirates ni timu yenye mkono mgumu, kila mtu pale analijua hilo, mabango ya kumwambia mwenye timu auze yanaletwa uwanjani kabisa. Walimpa mrushaji wao Mitch Keller dola milioni 77 kwa miaka mitano, hiyo kwao ni hela kubwa. Mrushaji wa daraja la Skenes huzungumzi naye hela hiyo, anakusalimia tu anaondoka.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, swali la kumuuliza mwanao siyo "Chandler atakuwa mzuri?" Atakuwa, naamini, mkono wake naupenda kuliko hata wa Jones. Muulize "nani atapiga?" Wana kijana mmoja Konnor Griffin, walimchukua 2024 akiwa sekondari, na wanaojua kupima walimweka juu kabisa ya chipukizi wote. Huyo mmoja. Wanahitaji watatu, wanne, na njia ya haraka ni kumtoa mrushaji mmoja kijana upate mpigaji, na mimi ningefanya hivyo kesho asubuhi bila kulia, maana mikono inaharibika dada yangu, ni kama nyanya, ukikaa nazo zote usubiri bei ipande utakuta nusu zimeoza. Ila wakishaumwa na nyoka wa Archer, ukuti nao wanaukimbia, na ndo maana nahofia watakaa na mikono yote mpaka 2029 ifike. Skenes simtoi, asinielewe vibaya mtu. Nasema wengine.

Nipe nafasi niongeze kitu kidogo ambacho mwanao atakipenda. Ndani ya Pirates kuna mrushaji kijana kutoka Uganda, David Matoma, yuko ligi za chini bado, na fastiboli yake inakaribia maili 100. Kutoka Uganda! Na timu hiyo hiyo ndo iliyompandisha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs mwenye makombe yake, ukatua salama. Matoma yuko mbali na ligi kuu na yale yote niliyosema ya viwiko na yeye yanamhusu, kwa hiyo usimnunulie mtoto jezi yake bado. Lakini mfuatilieni.

Sasa la mwisho hukuniuliza ila nitalisema kwa sababu umeandika "yeye mwenyewe anarusha".

Nilikuwa na kijana hapa, miaka 13 kama wako, mkono mzuri, mama yake anafanya kazi shifti za usiku kwa hiyo mtoto anabebwa na timu. Wikiendi moja kocha wa timu yake akamrushisha Jumamosi asubuhi, Jumamosi jioni, Jumapili tena fainali, na katikati akamweka kudaka. Jumatatu kaja kwangu, nikampa chupa ya maji akaipokea kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia fungua. Akaiweka katikati ya mapaja akafungua kwa kushoto, na wa kulia anaukung'uta kung'uta kama una maji. Hakulalamika, watoto hawalalamiki wanaogopa kutolewa namba. Alikaa nje msimu mzima.

Kwa miaka 13 na 14 mwongozo wa ligi kuu wenyewe unasema mwisho mipira 95 kwa siku, na akifika 66 apumzike siku nne kamili ndo arushe tena. Asirushe na kudaka mechi moja. Na kwa mwaka apate angalau miezi minne harushi kabisa, acheze soka, aogelee, alale. Akicheza timu mbili, na huko wengi wanacheza mbili, kila kocha anahesabu za kwake tu, kwa hiyo wewe ndo uhesabu zote. Nunua daftari la mia mbili, piga vijiti, vinne na mkwaju mmoja kama tulivyokuwa tunahesabu mahindi. Kocha akikwambia "mama mtoto yuko sawa" muonyeshe daftari. Akikasirika hamisha mtoto. Na swali la kiwiko usimuulize mwanao "kinauma?" atakwambia hapana. Mwambie afungue chupa.

Mkienda uwanjani pitieni daraja la Clemente, siku ya mechi wanafunga magari mnatembea kwa miguu juu ya mto, na mwende mapema saa nzima kabla, msogee kule wanakopashia warushaji misuli, nyuma ya uzio wa mbali. Chagueni siku ya Chandler, tiketi za Skenes zinapanda. Mwache mtoto asimame karibu asikie mpira unavyogonga glavu, kwenye tivii ile sauti haiji. Halafu mchukue daftari lenu mhesabu na za Chandler pia, akifika 90 mtamwona kocha anatoka.